Binti yenu akisema anakwenda kwa mwanasaikolojia, msimcheke

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu wa Morogoro, aliyeandika hivi karibuni kwamba sisi wanawake tulioko Marekani tumeharibikiwa. Alisema tumeacha dua na wazee wetu, sasa tunamlipa mtu baki zaidi ya dola mia kwa saa moja atusikilize tukilalamika kuhusu rangi tuliyozaliwa nayo. Aliuliza: kama mnaonewa kiasi hicho, mbona hamrudi? Akamalizia kwamba ubaguzi ni ugomvi wa Wamarekani wao kwa wao, Wazungu na weusi wa kule, na kwamba sisi tulikwenda kutafuta maisha tu.

Sina ugomvi naye. Maneno hayo nimeyasikia kwa ndugu zangu wa damu, na nimeyasikia zaidi huku huku, kwenye misiba na sherehe za Watanzania, kwa watu wanaobeba boksi kama mimi. Lakini nawajua wanawake walioyaamini, wakanyamaza mpaka wakalazwa. Mmoja wao tulimchangia nauli arudishwe nyumbani akiwa hamtambui mtoto wake. Siwezi kuyaacha yapite.

Mimi ni mzaliwa wa Muheza, Tanga. Naishi Louisville, jimbo la Kentucky, mji alikozaliwa Muhammad Ali, ukingoni mwa mto Ohio. Kazi yangu ni msaidizi wa wauguzi katika nyumba ya kulea wazee, zamu ya usiku. Nawaogesha, nawageuza kitandani wasipate vidonda, nawabadilisha nepi, nawalisha, na wako waliokata roho nikiwa nimewashika mkono kabla watoto wao hawajafika. Naipenda kazi hii. Nimelelewa na bibi, na mzee kwangu ni mzee.

Katika nyumba moja niliyowahi kufanyia kazi alikuwapo mama mmoja mzee ambaye hakutaka kuguswa na mkono mweusi. Akiniona aliniita kwa lile neno walilokuwa wakiitwa watumwa, ambalo sitaliandika kwenye gazeti linalosomwa na watoto. Msimamizi aliniambia ni mgonjwa wa kusahau, usiliweke moyoni, na mimi nilikubali, kwa sababu ugonjwa huo naufahamu na nimewasamehe wagonjwa mengi. Kisha usiku mmoja nikaona kwenye karatasi ya mgawo wa kazi, ile tunayokabidhiana zamu kwa zamu, imeandikwa kwamba chumba kile kisiingiwe na mhudumu mweusi. Aliyeandika hayo alikuwa mzima wa akili, ameketi ofisini, na alilipwa mshahara kwa saa aliyoyaandika.

Nikaendelea na kazi. Kengele ya chumba kile ikilia, napita mlangoni kwenda kumtafuta Mzungu. Wakati mwingine Mzungu hayupo karibu, na namsikia mama wa watu analia amejilowesha.

Mwili wangu ulianza kukataa kabla mimi sijakataa. Usingizi ukakatika. Ngozi ya mikono ikawa inawasha mpaka najikuna damu. Kila jioni nikivaa sare, moyo unaanza kwenda mbio na viganja vinalowa. Daktari wa kawaida alipima presha akaikuta juu kuliko ya mama yangu aliyepita miaka sabini, akanipa vidonge, na hakuniuliza kazini kukoje.

Halafu ukaja mwaka 2020. Wasomaji wengi wanakumbuka jina la George Floyd aliyeuawa Minneapolis mwezi Mei. Sisi wa Louisville tulikuwa tayari na msiba wetu. Muda mfupi baada ya saa sita usiku, tarehe 13 Machi, polisi walivunja mlango wa Breonna Taylor. Alikuwa binti wa miaka 26, mfanyakazi wa huduma za dharura hospitalini, mtu wa zamu kama sisi. Mchumba wake alidhani wamevamiwa na majambazi, akafyatua risasi moja. Polisi wakajibu kwa risasi 32, na Breonna akafia kwenye korido ya nyumba yake. Septemba mwaka ule jopo la raia lililopitia ushahidi lilimshtaki askari mmoja tu, tena kwa risasi zilizopenya nyumba ya majirani. Kwa zile zilizomuua, jopo halikumshtaki mtu. Ilibidi kusubiri hadi Novemba 2024 ndipo askari yule akatiwa hatiani na mahakama ya shirikisho kwa kukiuka haki za marehemu.

Siku jopo lilipotangaza nilikuwa zamu. Kwenye chumba cha mapumziko wenzangu walikuwa wanaagiza piza. Hakuna aliyelitaja jina lake, na mimi sikuwa na nguvu ya kulitaja. Niliporudi nyumbani nilisukuma kabati la viatu nyuma ya mlango, na nikaendelea kulisukuma kila usiku niliolala nyumbani kwa muda mrefu sana. Binti yangu alikuwa ananitazama na haulizi kitu.

Basi nikatafuta msaada. Wa kwanza nilipangiwa na bima ya kazini: kijana wa Kizungu, mpole, asiye na nia mbaya hata kidogo. Nilipomweleza habari ya ile karatasi akaniuliza kama nina uhakika sababu ilikuwa rangi. Saa nzima ikaisha namthibitishia. Kikao kilichofuata akaniuliza kama Tanzania kuna vita. Nikaacha kwenda.

Wa pili nilimpata kwa njia nyingine. Kuna mwanasaikolojia mweusi wa Atlanta, Joy Harden Bradford, ambaye mwaka 2014 alianzisha Therapy for Black Girls. Leo wana orodha ya wataalamu wa nchi nzima, unatafuta kwa mji wako. Humo nikampata mama mmoja wa Kimarekani mweusi, mtu mzima, mjukuu wa wakulima wa tumbaku wa hapa Kentucky. Nataka nieleze anachofanya, maana ndugu yangu wa Morogoro anadhani tunalipa ili tulalamike.

Kikao cha kwanza aliniuliza: ulipoisoma ile karatasi, mwili wako ulifanya nini? Nikamwambia mikono ilikufa ganzi. Akaandika. Hakunitaka ushahidi. Vikao vilivyofuata tulipitia maisha yangu ya huku kwa maswali ya mpangilio maalumu. Yapo maswali yaliyotungwa na mwanasaikolojia Monnica Williams na wenzake kwa ajili ya kiwewe cha ubaguzi, na kazi ya maswali hayo ni kufukua mambo ambayo mtu ameyapita kwa kuyaita madogo. Yalitoka mengi. Mlinzi wa duka aliyenifuata kila rafu nilipokuwa mgeni. Mwalimu aliyemweka binti yangu darasa la wasiojua Kiingereza wakati amezaliwa hapa na Kiingereza ndicho anachoota nacho. Nesi wa wodi ya wazazi aliyeniambia naigiza maumivu, kumbe navuja damu. Hilo la mwisho nilikuwa sijamsimulia hata mume wangu. Katika nchi hii mwanamke mweusi anakufa kwa sababu za ujauzito na uzazi karibu mara tatu ya mwanamke wa Kizungu, na hata Serena Williams, mwaka 2017, alipojifungua ilibidi awashurutishe wahudumu wampime, ndipo wakakuta damu imeganda kwenye mapafu. Mimi si Serena. Mimi nilinyamaza, na Mungu akanipitisha.

Kuna kazi ya mwili pia. Kupumua kwa hesabu. Kukanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili na kutaja kwa sauti vitu vilivyomo chumbani, ili mwili utambue kwamba upo hapa na saa hizi, haupo kwenye ile korido. Mwanzoni niliona haya kutaja dirisha, kiti, kikombe mbele ya mtu mzima mwenzangu. Lakini niliweza kuanza kulala bila kabati mlangoni kwa zoezi hilo, na presha ikashuka, ingawa vidonge naendelea navyo. Tuliigiza mazungumzo na msimamizi, yeye akiwa msimamizi na mimi nikiwa mimi, tukayarudia mpaka sauti yangu ikaacha kutetemeka. Akanifundisha kuandika: tarehe, saa, kilichosemwa, nani alikuwapo.

Na yeye ndiye aliyenisomea kesi ya Brenda Chaney. Chaney alikuwa msaidizi wa wauguzi mweusi katika nyumba ya wazee huko Plainfield, Indiana, ng'ambo ya mto wetu huu, mwendo wa saa mbili kwa gari. Karatasi yake ya kazi nayo iliandikwa kwamba mgonjwa fulani hapendi wahudumu weusi. Siku moja alimkuta mgonjwa huyo ameanguka sakafuni, hana nguvu za kuinuka, na kwa kuogopa kufukuzwa ikabidi azunguke jengo zima kutafuta Mzungu wa kumwinua. Mwaka 2010 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliyoko Chicago ilisema wazi kwamba mwajiri hawezi kujificha nyuma ya matakwa ya mgonjwa. Kugawa kazi kwa rangi ni kuvunja sheria ya haki za kiraia. Nilisikiliza mpaka mwisho, kisha nililia kwa sauti kubwa ambayo sikuwa nimelia tangu kumzika baba. Kulikuwa na mwanamke mwingine aliyepita mlangoni hivyo hivyo, akasikia kengele hivyo hivyo, na mahakimu wakaandika kwamba alikosewa.

Mhariri, nimefikiri sana namna ya kuwaeleza watu wa nyumbani tiba hii inafanya nini, na nimepata mfano mmoja. Kwetu Muheza mtu akifiwa, wanawake wanakuja na kanga zao, wanatandika mkeka, wanalala pale siku tatu. Wanapika, wanamshika mfiwa akianguka, wanamwacha aseme jina la marehemu mara elfu. Hakuna anayemuuliza mfiwa kama ana uhakika kwamba amefiwa. Mwanamke mweusi huku anafiwa heshima yake karibu kila wiki, na kila mara anaulizwa athibitishe. Kwa yule mama nilikaa kwenye mkeka.

Kwa nini lazima awe mweusi? Hilo nilimuuliza mtaalamu wangu mwenyewe, maana sikupenda kuonekana nabagua. Hakuniambia kwamba ni lazima. Alisema wapo Wazungu waliojifunza vizuri kazi hii na wapo weusi wasioiweza, nami nakubali. Lakini alinieleza historia, na nikaelewa kwa nini wanawake wa hapa walijenga milango yao wenyewe.

Mwaka 1851 daktari mmoja wa Louisiana, Samuel Cartwright, aliandika kwamba mtumwa anayetoroka ana ugonjwa wa akili, akaupa jina la kitaalamu, na miongoni mwa tiba alizopendekeza ni viboko. Miaka michache kabla yake, Montgomery, Alabama, daktari J. Marion Sims alijifunza upasuaji wa fistula kwa kuwapasua wanawake watumwa bila dawa ya ganzi. Tanzania tunaijua fistula, tunajua maumivu na aibu yake. Majina matatu ya wanawake wale yamebaki: Anarcha, Betsey, Lucy. Anarcha alipasuliwa kama mara 30. Sims akapewa sanamu New York, ikakaa kwenye bustani ya Central Park hadi ilipoondolewa mwaka 2018. Mtu ambaye bibi wa bibi yake alisimuliwa haya hawezi kuingia ofisi ya daktari kama anavyoingia mwingine.

Ndiyo maana mwaka 1946 Mamie Phipps Clark, mwanamke mweusi mwenye shahada ya udaktari wa saikolojia kutoka Columbia, alifungua na mumewe Kenneth kituo cha Northside pale Harlem, watoto wa Kinegro, kama walivyoitwa wakati ule, wapate pa kutibiwa bila kudharauliwa. Ni hao hao ambao utafiti wao wa wanasesere weusi na weupe ulitumika katika kesi ya mwaka 1954 iliyobomoa shule za kibaguzi. Mwaka 1968 wanasaikolojia weusi walianzisha chama chao San Francisco baada ya kuchoka kutosikilizwa. Mwaka 2007 Robert Carter wa Columbia alichapisha kazi ndefu akionyesha kwamba matukio ya ubaguzi yanaweza kumjeruhi mtu akili na mwili kama yanavyomjeruhi matukio mengine ya kutisha. Na chama kikuu cha wanasaikolojia cha Marekani kiliomba radhi rasmi kwa mchango wake katika ubaguzi mwaka 2021. Watu weusi wamekuwa wakiijenga tiba hii tangu kabla ya uhuru wetu, na sehemu kubwa ya kazi hiyo imefanywa na wanawake. Anayesema ni fasheni ya juzi hajaambiwa.

Sasa nije kwenye lile linaloniuma zaidi. Tukifika huku, jambo la kwanza tunaloambiwa na wenyeji wetu Waafrika ni kwamba tusijichanganye na weusi wa hapa. Wavivu, wakorofi, wanaishi kwa kulalamika. Nilifundishwa hivyo wiki yangu ya kwanza, na mtu aliyenifundisha alikuwa na nia njema ya kunilinda. Lakini aliyeandika ile karatasi ya mgawo hakuuliza kama nimetoka Muheza au Mississippi.

Wasomaji wako wa Kigoma na Kongo wanalijua jina la Patrick Lyoya. Kijana wa miaka 26, mkimbizi kutoka Kongo, familia yake ilifika Marekani kukimbia vita. Tarehe 4 Aprili 2022, Grand Rapids, Michigan, askari alimsimamisha kwa suala la namba ya gari, wakakimbizana, wakakabana, na askari akampiga risasi ya kichwa kijana akiwa kifudifudi. Wazazi wake walizungumza na waandishi wa habari kwa kupitia mkalimani wa Kiswahili. Niliisikia lugha yangu ikitoka kwenye televisheni ya Marekani kwa mara ya kwanza, na ilikuwa inamlilia mtoto. Kesi ya askari yule ilifika mahakamani mwaka 2025 na wazee wa baraza wakashindwa kukubaliana. Mwendesha mashtaka akaamua kutoirudia. Nani atamwambia mama yake Patrick kwamba huo ni ugomvi wa Wamarekani?

Mtaalamu wangu ana kikundi cha wanawake, tunakutana Jumamosi kwenye ukumbi wa maktaba. Wameniruhusu niseme haya bila majina. Yupo dereva mstaafu wa basi la shule, wapo walimu, yupo binti wa chuo, na yupo dada mmoja wa Bukavu aliyekaa miaka mingi kambi ya Nyarugusu kabla ya kuletwa Kentucky. Huyu mwenzangu Kiingereza chake kinamtosha dukani, hakimtoshi kueleza moyo, kwa hiyo akizungumza mimi namfasiria. Ana vita ndani yake, na juu ya vita ana kiwanda ambako msimamizi anawaita wanawake wa Kikongo kwa mluzi.

Siku moja yule dereva mstaafu alitugeukia sisi Waafrika wawili akauliza kwa nini watu wetu wanawadharau. Alisema mtoto wake aliwahi kuchumbia binti wa Kiafrika, na wazazi wa binti wakakataa, wakamwita mtoto wake mtumwa. Ukumbi ulinyamaza. Dada wa Bukavu akaniomba nimfasirie hivi: kwetu pia walikuwepo waliotuona sisi si watu, na walikuwa weusi, mama, nakuomba msamaha kwa niaba ya wale wazazi. Yule mama akainuka, akazunguka meza, wakakumbatiana, na hakuna aliyekuwa na lugha ya mwenzake. Nimehudhuria mikutano mingi ya umoja wa Waafrika yenye hotuba na pilau. Sijaona umoja kama ule.

Jambo jingine tunaloshirikiana ni ile amri ya kujikaza. Kwetu msichana anaambiwa jikaze tangu anatoka unyagoni. Hapa nao bibi zao waliwaambia hivyo hivyo, na walikuwa na sababu: aliyelia shambani alichapwa. Cheryl Woods-Giscombé, nesi na mtafiti wa North Carolina, aliandika mwaka 2010 jinsi mwanamke mweusi anavyojitwika wajibu wa kuonekana imara, kuficha anachohisi na kuwasaidia wengine kwanza, na afya inavyolipa gharama. Arline Geronimus wa Michigan alikuwa ameshaonyesha tangu 1992 kwamba miili ya wanawake weusi huchakaa mapema kwa msukosuko usiokoma. Nikiwatazama wenzangu wa zamu, wanawake wa miaka arobaini na kitu wenye presha, kisukari na vivimbe vya kizazi, siwezi kubishana na watafiti hao.

Kuhusu dua: shangazi yangu alinitumia ujumbe wa sauti akasema nisome Qur'ani, hayo mengine ni mambo ya Wazungu. Shangazi, shikamoo. Nasoma, na swala tano sijaziacha. Huyo mtaalamu ndiye aliyenisaidia kuzungumza na msimamizi nipate dakika za kuswali alfajiri kazini. Sioni vinapogombana.

Kuhusu kurudi: nina binti aliyezaliwa hapa, na nina wadogo zangu wawili wanaosomeshwa na mikono hii hii isiyotakiwa chumba kile. Mshahara wangu unajulikana vizuri Muheza. Na kuna kitu kingine, ambacho nimekipata kwenye tiba: sijafanya kosa lolote la kunifanya nikimbie.

Kuhusu fedha, msomaji wa Morogoro ana hoja. Kikao kimoja bila bima kwa kawaida ni dola 100 hadi 200. Bima hailipi mpaka mtaalamu aandike jina la ugonjwa, na kiwewe cha ubaguzi hakimo kama ugonjwa wenye jina lake katika kitabu cha madaktari wa akili wa Marekani. Kwa vigezo vya kitabu hicho, ili uhesabiwe una ugonjwa wa kiwewe lazima uwe umekabiliwa na kifo, jeraha kubwa au ukatili wa kingono. Karatasi ya mgawo wa kazi haimo. Kwa hiyo wataalamu wengi huandika wasiwasi au sonona, na mtu analipiwa kwa jina la pembeni. Hili linanikera, na ningependa vyama vyetu vya Watanzania huku, vinavyochanga maelfu ya dola kwa sherehe, vitenge kiasi kwa ajili hiyo. Wenzetu wameanza: Loveland Foundation, iliyoanzishwa na Rachel Cargle mwaka 2018, huwasaidia wanawake na wasichana weusi kulipia vikao, na maombi ni mengi kuliko fedha.

Kwa dada zangu mnaosoma gazeti hili kwenye simu baada ya zamu, mkiwa Ohio, Texas, Minnesota: simu ya kwanza kwa mtaalamu huwa fupi na mara nyingi haina malipo. Muulize ana leseni ya jimbo unaloishi, maana hata akikuhudumia kwa video sheria inaangalia ulipoketi wewe. Muulize kama ana bei kwa kipato. Muulize amewahi kumhudumia mtu aliyejeruhiwa na ubaguzi, na anafanyaje. Akianza kutilia shaka kama yalitokea, mshukuru na utafute mwingine. Na ikifika mahali unawaza kujidhuru, piga namba 988, usiku au mchana, haina malipo.

Kwa wazazi: binti akipiga simu akasema anakwenda kwa mwanasaikolojia, muulizeni amepata mtu mzuri? Inatosha. Msiende kulisimulia kwa majirani.

Na kwako Mhariri nina ombi. Una safu ya afya kila wiki. Mpe nafasi mmoja wa wanasaikolojia wetu wa nyumbani aandike kuhusu mabinti walioko ughaibuni, wa Marekani, na wa Uarabuni pia, ambao mateso yao ya majumbani mwa watu tunayasikia kwenye ujumbe wa sauti usiku. Wanafunzi wa saikolojia katika vyuo vyetu vikuu nao wajue kuna kazi inawasubiri. Kentucky imejaa wasemaji wa Kiswahili, wengi wao wakimbizi wa Kongo. Hospitali zinatumia wakalimani wa simu, na mkalimani wa simu si mtu wa kumlilia. Katika kikundi chetu cha Jumamosi anayefasiri ni mimi, msaidizi wa wauguzi, na kuna siku yanayosemwa yananizidi mwenyewe nashindwa kuendelea. Anayesomea taaluma hiyo na anafikiria kuja kuendelea na masomo huku, akaze buti kwenye mitihani ya leseni. Wanawake wa kumpokea wapo.

Msomaji wako wa siku nyingi,
Louisville, Kentucky
(Jina langu unalo. Naomba lisichapishwe, kwa sababu bado niko kazini.)